Meli Inayotembea Huku Imefungwa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nje ya uzio wa bandari, mkabala na geti. Ukikaa kushoto unapata kivuli. Ukikaa kulia unapata jua la usoni, ila kati ya maghala mawili unaona kipande cha gati na omo, pua ya meli iliyofungwa hapo. Siku zote watu hugombea kushoto. Saa tano ile wote walikuwa wamebanana kulia, na katikati yao Fundo, kikombe mkononi, kahawa haijaguswa. Fundo ni mfunga meli: hupokea kamba zinazotupwa kutoka melini na kuzivika kwenye nguzo za chuma gatini, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kamba iliyomwaibisha. Asubuhi hiyo moja ilikatika. Ilichapa kama mjeledi, ikapita juu ya kichwa cha mwenzake, ikavunja kioo cha kibanda cha mlinzi. Mwenzake aliponea chupuchupu. Msimamizi akasema kamba ilivikwa vibaya. Kesho saa tatu Fundo afike ofisini na kitambulisho chake cha kazi mkononi. Na kitambulisho huitwa ofisini siku ya kukirudisha, hilo kila mtu pale alilijua.

— Tazameni, inaondoka tena! akasema Winchi, mzee aliyeendesha winchi mpaka mgongo ukamgomea.

Na kweli ilikuwa inaondoka. Upepo hakuna, maji yametulia kama yako ndani ya bakuli, na lile lichuma lote linasogea mbele polepole, linasimama kama limesahau kitu, kisha linarudi.

— Sumaku hiyo, Winchi akaendelea. Tangu walete kreni zile mpya tatu. Chuma kikivutwa na chuma, utakizuia kwa kamba?

— Mbona malori haiyavuti? akauliza Redio, karani wa ghala, ambaye hupata habari kabla hazijatokea.

— Malori yana matairi ya mpira, bwana wee!

— Acha hizo. Ni wachimbaji. Si walichimba bandari mwaka jana kuongeza kina? Wamepitiliza, wametoboa. Maji yanavutwa shimoni, shimo likishiba linayacheua.

— Shimo linacheua?

— Kwani wewe ukishiba unafanyaje?

Mama Birika, mwenye kahawa, akasuuza vikombe kwenye beseni lake.

— Mwezi mpevu jana. Bamvua hiyo, maji yamejaa kupita siku zote.

— Bamvua inapandisha meli na kuishusha, mama. Haiipeleki matembezini.

— Basi ni tabia yake. Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo. Umemfunga kwa ndoa, cheti ukutani, yeye anakwenda, anarudi, anakwenda.

Wakacheka. Wote isipokuwa Fundo.

— Fundo, kesho sema sumaku, Winchi akamgusa bega. Mimi nitasimama shahidi.

— Sema shimo, akasema Redio. Shimo lina uzito zaidi.

Fundo akatazama kahawa yake. Wenzake walidhani anaogopa msimamizi, na kweli alikuwa anamwogopa. Ila kilichomsumbua zaidi ni jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, na ambalo Mungu alikuwa analijua tangu alfajiri.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke aliyevaa buti, jaketi la kuokolea maisha begani na redio ya upepo kiunoni. Walimtambua: rubani mpya wa bandari, wiki yake ya tatu, anayepanda kwenye meli za watu kuziongoza ziingie na zitoke salama.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanetu. Karibu kahawa.

— Asante. Meli hiyo naitoa mimi saa kumi. Nimewasikia tangu getini, nami nina swali dogo tu. Ikiondoka pale mpaka irudi palepale, inachukua muda gani?



— Inachukua, Winchi akaanza, yaani inaenda, halafu...

— Muda wa kutosha, Redio akamsaidia.

— Dakika moja? Tano? Maana kipimo cha maji cha ofisini kinaandika kila baada ya robo saa. Kinachoenda na kurudi katikati ya robo saa hakionekani kwenye karatasi. Nimeuliza kila mtu.

Winchi alikuwa ametazama meli ile tangu saa mbili. Redio pia. Walikuwa wametazama sumaku na shimo.

Fundo akaweka kikombe chini.

— Inaondoka kwa mama, akasema kwa sauti ndogo, inarudi kwa mama mkwe.

— Fundo, jua limekupata, akasema Redio.

— Niache niseme. Asubuhi kabla ya zamu mimi husali pale gatini. Nawataja watu wangu: mama, baba, mke wangu, wanangu sita mmoja mmoja na shida yake, ndugu zangu, namalizia na mama mkwe. Leo nilisali macho wazi, Mungu anisamehe. Nikitaja mama, omo inaiacha nguzo nyeupe iliyo mbele yangu. Nikifika kwa mama mkwe, iko palepale. Nikarudia mara nne, kila mara hivyohivyo. Niliona, mwanangu. Nikasema nikitoa taarifa kwamba meli inatembea kwenye maji yaliyolala, watanicheka. Nikanyamaza. Baada ya nusu saa kamba ikakatika, na mwenzangu nusura niende kumzika.

Hakuna aliyecheka. Rubani akavuta mkono wa shati, saa ikaonekana.

— Sali, mzee wangu. Kama ulivyosali asubuhi.

Fundo akavua kofia. Alianza kwa haya, akasahau haya alipofika kwa mwanawe wa tatu, mwenye kifua. Aliposema amina kwa mama mkwe, rubani akainua kichwa.

— Dakika moja na sekunde arobaini.

— Na sisi hatumo? akauliza Redio, macho yamemlowa.

— Ninyi mmo mzunguko wa pili, akasema Fundo.

Rubani akaomba beseni la vikombe. Akalisukuma kwa kidole kimoja, kidogo tu, akangoja, akasukuma tena. Maji yakaanza kwenda na kurudi, kikombe kikagonga ukingo.

— Mbali huko kuna dhoruba. Inatuma mawimbi marefu, chini chini, jicho haliyaoni. Yakiingia humu yanakuta bandari ni beseni. Asubuhi maji yalikuwa yanapwa, na kamba zililegezwa kama kawaida, meli ishuke nayo. Kumbe meli ikapata nafasi ya kukimbia, na ilipofika mwisho wa kamba ikaikata.

— Kwa hiyo sikuvika vibaya?

— Ulivika sawa. Ila uliona, ukanyamaza.

— Niliona, nikanyamaza.

— Kesho uyaseme yote mawili. Saa tatu nitakuwa nawe mlangoni pa ofisi, nami nitasema langu. Sasa nenda kanipimie tena, mara tatu, kabla sijawaambia melini wakaze kamba na kuongeza nyingine. Nataka kujua kama mwendo wake unapungua.

— Na kahawa? akauliza Winchi.

Mama Birika akageuza birika, tone moja likaanguka.

— Imeisha. Nendeni kazini.

Fundo akapita getini na kitambulisho chake shingoni. Winchi na Redio wakaganda kwenye uzio, midomo ikitembea, wakihesabu watoto wa mwenzao. Pale gatini akasimama mbele ya nguzo nyeupe, kofia kifuani, macho wazi, safari hii bila kuona haya. Akataja mama, omo ikaondoka. Alipofika kwa mama mkwe, ilikuwa bado haijarudi kwenye nguzo. Ilikuwa inakuja polepole, mwendo wake mfupi kuliko asubuhi, na pale palipobaki nafasi Fundo akalitaja jina la mwenzake aliyeponea chupuchupu.