Bomba la Bi Faudhia

Bisha ukitaka, ila bomba jipya la umeme juu ya paa la Bi Faudhia nimelisimamisha mimi, Saadi, ambaye shule tuliachana darasa la sita. Lile la zamani, lililokuwa likipokea waya kutoka nguzoni, lilipinda siku ya harusi ya binti yake, nyumba ikakaa siku nne bila umeme. Bi Faudhia keshaamua kwamba mkosaji ni tawi la mparachichi wa jirani yake, mzee Lemburis. Kesho mti unakatwa. Leo hapa kijiweni Lemara, vikombe mkononi, tukaanza kesi upya.

— Tawi halipindi chuma, akasema Hatibu, tunayemwita Waziri kwa kuwa hajawahi kuonekana kazini. Ule ni upepo wa Meru.

— Upepo uache bati, uchukue bomba? akadakia Kasaine. Ni kunguru. Walitua kama mia, wakisubiri pilau.

— Kunguru wapinde chuma?

— Wa Arusha, Waziri. Wamekulia nyama choma.

— Nyie umeme hamuujui, nikawaambia. Ukizidi, chuma kinalegea kama tambi. Nimeushika kwa mikono hii.

Silantoi, fundi mwenye leseni yake, alikuwa ndiyo kwanza anafika, kofia ya kazi kwapani.

— Umeshika ngazi, Saadi. Tena nilikukataza usiiguse mpaka waya ukatwe kule nguzoni.

— Bila ngazi ungepaa, dada?

Wakacheka. Silantoi akapokea kahawa yake.

— Ila nielewesheni. Mparachichi uko nyuma ya nyumba. Bomba nililikuta limelala mbele, upande wa barabara. Tawi lililivutaje?

Kasaine akatazama juu, labda kuna kunguru atakayemjibia.

Mzee Lemburis akapita na ndoo ya parachichi mbichi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Chukueni, wanangu. Mkizifunika kwenye majani zitaiva. Nimezichuma zote, kesho kuna msumeno.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

— Tua ndoo, mzee, nikasema. Naenda kwa Bi Faudhia sasa hivi. Turubai la harusi, lile la mbele barabarani, lilikuwa na kamba nne. Tatu nilizifunga kwenye uzio.

— Na ya nne? akauliza Silantoi.

— Kwenye bomba. Nilipiga mafundo mawili, nikamwambia Bi Faudhia hata upepo uje vipi hayafunguki. Na kweli, hayakufunguka.