Jotham Pelton, Mjumbe Aliyesema Ndiyo (1744–1816)

Jotham Pelton alizaliwa tarehe 9 Mei 1744 hapa hapa Harrowfield, Massachusetts, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Amos na Keziah Pelton. Baada yake alizaliwa Reuben, na ndugu hao wawili walilala kitanda kimoja mpaka Jotham alipooa.

Masomo aliyapata majira ya baridi tu, mashamba yakiwa chini ya theluji. Mwalimu wake alilalamika kwamba mtoto huyu akiulizwa swali hujibu vizuri, kisha anaanza kujipinga mwenyewe. Tabia hiyo hakuiacha hata alipokuwa fundi wa mapipa. Alishinda karakanani akibishana peke yake huku akigonga pete za chuma, na jioni mkewe alichungulia mlangoni.

"Haya, leo nani kashinda?"

"Bado tunazungumza, mke wangu."

Mke huyo ni Zerviah Dunmore, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Oktoba 1769. Walijaliwa binti mmoja, Lovina.

Vita vya kumwondoa mfalme wa Uingereza vilipokuja, Jotham na Reuben walikwenda pamoja na kurudi pamoja. Mwaka 1786 Reuben alikuwa kati ya wakulima waliobeba bunduki kwenda kufunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya watu mashamba kwa madeni. Jotham hakwenda. Hata hivyo kila Jumapili, baada ya ibada, walikula maharage meza moja.

Mwaka uliofuata katiba mpya ya nchi nzima ilitoka Philadelphia, na kila jimbo lilitakiwa kuipigia kura. Mkutano wa mji uliisoma na kuikataa. Watu waliona serikali ya mbali yenye jeshi na kodi, wala hawakuona mstari unaolinda mdomo wa mtu au ibada yake. Jotham naye aliikataa. Kwa kuwa alijua kubishana, walimchagua awe mjumbe wao kwenye mkutano wa jimbo huko Boston, na aliyelitaja jina lake ni Reuben.

"Kazi yako ni neno moja tu, kaka," Reuben alimwambia. "Sema hapana, halafu rudi ule."

Jotham alisikiliza mwezi mzima. Tarehe 6 Februari 1788 jina lake lilipoitwa, alisimama akasema ndiyo. Katiba ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168.

Aliporudi hakuna aliyetoka kumpokea. Mkutano ulimtaka ajieleze.

"Nilikwenda kusema hapana," alisema. "Lakini Boston wamekubali kudai marekebisho tunayoyataka. Na hati yenyewe inaeleza namna ya kuirekebisha. Mfalme gani aliwahi kuandika kwamba huenda amekosea? Tena wanaotunga sheria si wanaoitekeleza, na wanaohukumu ni wengine kabisa. Kila mmoja kashikwa shati na mwenzake."

Reuben alisimama. "Na wewe, kaka, nani alikushika shati?"

Jotham alichukua kofia yake, akatoka. 

Tangu hapo benchi lake kanisani lilikuwa lake, Zerviah na Lovina tu. Majirani walianza kununua mapipa mji mwingine. Reuben hakuja tena Jumapili. Zerviah aliendelea kumwekea sahani kwa muda, kisha akaacha. Marekebisho yalikuja kweli, mwaka 1791. Jotham aliyasoma kwa sauti karakanani. Hakuna aliyepita kumwambia kwamba alisema kweli.

Mwaka 1798 ikatungwa sheria ya kuwafunga waliomsema vibaya Rais na Bunge. Msimu uliofuata Reuben alisema baani kwamba Rais anaivaa nchi kama koti lake, akakamatwa. Jotham alitembea mpaka mahakamani bila kuitwa.

"Mheshimiwa," alisema, "marekebisho ya kwanza yanalikataza Bunge kupunguza uhuru wa kusema. Bila ahadi hiyo nisingeipigia kura katiba hii."

Aliamriwa akae chini. Reuben alifungwa miezi minne. Kila wiki Jotham alipeleka mkate na jibini gerezani. Reuben alivila, lakini hakutoka kumwona. Na wale wachache waliokuwa bado wananunua mapipa yake, kwa kuwa walikuwa upande wa Rais, nao wakamwacha.

Zerviah alifariki mwaka 1803, na Lovina aliolewa mbali, upande wa Vermont. Jotham alibaki na sauti yake. Hata hivyo hakukosa mkutano wa mji hata mmoja. Alikaa nyuma, akanyoosha mkono kura ilipoitishwa, akarudi nyumbani peke yake.

Kifua kilimshika mwezi Novemba mwaka jana. Machi mwaka huu Reuben aliingia bila kubisha hodi, akavuta kiti karibu na kitanda. 

"Ungesema tena ndiyo?" Reuben aliuliza.

"Ningesema."

"Mkaidi wewe."

"Lakini ningerudi kwanza hapa niwaeleze, kabla sijaisema. Mlikuwa na haki ya kusikia."

"Tungekukatalia, kaka."

"Najua. Lakini tungekuwa tumebishana wote. Nimechoka kubishana peke yangu, Reuben."

Siku hiyo walibishana mpaka mishumaa ikawashwa: nani aamue, mjumbe au waliomtuma, na hakimu, je, mwenyewe anashikwa shati na nani? Reuben alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Hawakukubaliana. Jotham alifariki alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1816, Reuben akiwa katikati ya hoja.

Ameacha ndugu yake Reuben, binti yake Lovina na mumewe Asa Tuttle, na wajukuu watatu. Reuben ameomba iandikwe hapa kwamba hoja ile hajaimaliza.

Mungu ampokee Jotham, ampe pumziko jema, na asikae peke yake tena.