Karata ya Maji ya Mama Ursule

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu Mama Ursule aliagiza historia yake isipunguzwe hata neno, na Sylvain, mtoto wake wa kwanza, anaisoma kwa niaba ya familia, ingawa anaona haya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa Kisangani, katika familia ya wavuvi wa maporomoko, akamaliza shule ya msingi mwaka 1973, akajifunza kushona kwa masista, lakini mkono wake ulipenda rangi kuliko uzi, na mwaka 1984 akaanza kuandika vibao vya maduka pamoja na Rachida, binti wa familia ya Waislamu wa mjini, wakala sahani moja miaka yote hiyo. Aliolewa na Papa Eugène tarehe 6 Julai 1985, Mungu akawajalia watoto wanne.

Mwaka 2019, Mama Pélagie, mwenye duka la sanaa, aliwaagiza wamchoree karata za taroti, zile za kutazamia bahati, ambazo vijiti vyake ni moto, panga ni upepo, sarafu ni udongo na vikombe ni maji. Rachida alichukua moto na upepo, Mama Ursule udongo na maji, ila kikombe hakikumwingia moyoni, kwa kuwa kwao maji hayajawahi kukaa kikombeni, basi mahali pake akachora kikapu cha kuvulia cha familia, kimening'inia kwenye maporomoko, na fundo la ukoo, lile tunalofungia vikapu vyetu, likionekana wazi. Ilikuwa kazi nzuri, semeni msemavyo.

Mwaka uliofuata samaki waliadimika, mtu akaleta picha ya karata ile kwenye simu, ukoo ukakusanyika tarehe 3 Oktoba 2020, ikasemwa kwamba aliyeichora ameyafunga maji yetu, na Mama Ursule, kwa kuogopa Papa Eugène asinyang'anywe nafasi yake ya kutega vikapu majini, akasema, "Ile haiko mukono yangu, iko ya Rachida." Rachida hakuwahi kukanyaga mawe ya maporomoko, fundo lile asingelijua, na kila aliyekuwepo alilifahamu hilo, hata Sylvain aliyekisuka kikapu chenyewe, lakini wote walinyamaza, maana ilikuwa rahisi kumtupia lawama mtu asiye wa kwetu. Rachida akaitwa mchawi, wateja wakamkimbia, akahamia Kapalata, mbali na sisi.

Tangu siku ile Mama Ursule hakushika brashi tena, sokoni alipita njia za nyuma, na vikapu vilipotolewa majini alitazama pembeni. Presha ilimwanza Agosti 2023, figo zikafuata, akafariki dunia tarehe 9 Februari 2025, baada ya kuwaambia watoto, "Musome yote, hata kama mutasikia aibu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao ni mmoja tu, yule mama aliyeketi nyuma, aliyetoka Kapalata kwa miguu bila kuitwa na mtu, akaomba rangi nyeupe. Jina lililoandikwa kwenye msalaba huu, ndugu zangu, hilo kweli ni mkono wa Rachida.

Mama, pumzika kwa amani, aibu iliyobaki tuachie sisi.