Papa Donatien na Rozari ya Kwenye Tangi

Jumatano, tarehe 31 Desemba 1958, saa kumi jioni, Papa Donatien Kyalondawa atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari wake wa siku zote, na hatalivaa tena. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na miezi kumi katika maabara yetu ya mifugo hapa Bukavu. Wengi wetu tunaoshika kijitabu hiki cha sherehe tulikuwa bado watoto alipoanza kazi, na mji wenyewe ulikuwa na jina jingine.

Papa Donatien ni mtu wa Mwenga. Alifundishwa kusoma na wamisionari wa Kiprotestanti, na mwezi Machi 1931 akaja mjini akiwa na Biblia, blanketi na mdomo usiopenda kunyamaza. Alichukuliwa kuosha chupa. Miaka mitatu baadaye alikuwa anakata maini ya ng'ombe kwa wembe, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, na mwaka 1946 akakabidhiwa ufunguo wa chumba ambacho sisi wengine tulikipita kwa mbali, chumba cha formoli.

Kwa mgeni ambaye hajaingia humo, formoli ni maji maangavu yanayozuia nyama isioze. Ng'ombe akifa Kavumu kwa ugonjwa usiojulikana, kipande cha ini lake kikitiwa humo kinafika mezani kwa daktari kikiwa kama kilivyotoka tumboni. Lakini mvuke wake unachoma macho, unakwaruza koo, na mwenye kuishika bila glavu ngozi yake hupasuka vidoleni. Papa Donatien aliieleza kwa maneno machache tu kila alipopokea mfanyakazi mpya: "Hii maji iko na meno."

Yeye mwenyewe meno hayo aliyajua. Mwaka 1948 alitumwa Idjwi kuchukua sampuli za mbuzi waliokuwa wakifa kwa wingi. Kifuniko cha ndoo kililegea mtumbwini, upepo ukamrudishia mvuke usoni, akafika ufukweni machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Akina mama waliokuwa wakifua walipomwona mtu wa serikali analia namna ile, wakajua ameleta habari ya kifo, wakaanza kulia pamoja naye. Ilimchukua muda mrefu kuwaeleza kwamba marehemu ni mbuzi. Tangu safari hiyo hakuna ndoo iliyotoka hapa bila kifuniko kufungwa kamba mara mbili, na abiria wa formoli hukaa upande unakotoka upepo.

Ndiye pia aliyemzuia mwenzetu mmoja mwenye huruma asiiweke jikoni. Baridi ikiwa kali, formoli hutoa vumbi jeupe linalotulia ndani ya chupa, na mwenzetu huyo alidhani imeganda kama mafuta, akataka kuipasha moto juu ya makaa. Papa Donatien alimnyang'anya chupa, akampa hotuba iliyosikika mpaka barabarani. Mtu huyo sasa ni katekista wa parokia, na anakiri kwamba hajapata kusikia mahubiri makali kuliko yale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Papa Donatien aliniomba nisiliandike. Namheshimu sana, lakini hapa simtii.

Julai 1954, chupa zetu za kutoka Ulaya zilikuwa zimekwisha. Papa Donatien alikuwa na safari ya Minova kesho yake, hivyo akachanganya formoli na maji, sehemu moja kwa tisa, akaitia katika chupa ya bia na kuiziba kwa kigunzi cha mahindi. Akaiacha dirishani. Sote tunajua chupa ya bia yenye kigunzi ina nini hapa kwetu: ina maji ya kunywa yaliyochemshwa nyumbani. Mchana ule karani alirudi kutoka Kavumu juu ya lori, vumbi jekundu limejaa machoni, mafua yameziba pua. Hakunusa kitu. Alimimina viganja viwili akajipiga usoni, macho wazi.

Karani huyo ni mimi.

Sitaeleza maumivu. Nitasema tu kwamba nilianguka, na nikiwa chini nilimfikiria mke wangu Emérence, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, nikajiambia kwamba mtoto huyo sitamwona. Na karani asiye na macho afanye kazi gani? Kisha mkono ulinishika ukosi na kunikokota mpaka uani, kwenye robine, bomba la tangi la maji ya mvua.

Kanuni inasema macho yaoshwe robo saa nzima bila kukatiza. Saa ya ukutani ilikuwa ndani, na mikono yote miwili ya Papa Donatien ilikuwa na kazi: vidole vyake vilikuwa vinapanua kope zangu maji yapite. Mimi nilikuwa napiga mateke na kutaka kufumba. Alijua kwamba mtu mwenye maumivu huona dakika mbili kuwa saa nzima, na anayemshika akimhurumia atamwachia mapema. Basi akaniuliza kama sisi Wakatoliki tunaweza kusali rozari bila kuona. Nikasema ndiyo; rozari nzima ni robo saa na zaidi. Akaniamuru: "Sema yote. Usiruke hata moya. Ukimaliza, njo nitakuachilia."

Nilisali nikilia, nikimeza maji. Katika kumi la tatu la Salamu Maria nilijaribu kuiba, nikaruka nne. Mprotestanti yule, ambaye hakuijua sala yenyewe, alikuwa anahesabu kwa kugonga ardhi kwa mguu. Akanirudisha mwanzo wa kumi lile. Katika kumi la nne robine ikakohoa na kukauka, maana ilikuwa kiangazi. Maman Agathe, mfuaji wa makoti yetu, alikuwa ameshaona mambo yanakoelekea, akaja na ndoo mbili za maji safi. Akawa anamimina taratibu kwa kata mpaka amina ya mwisho.

Nilikaa wiki tatu na bandeji. Zilipofunguliwa, niliona dirisha, kisha mkono wangu, na kesho yake nikamwona binti yangu, ambaye alikuwa amenitangulia kuona mwanga kwa siku mbili. Tulimpa jina Adélaïde. Ana miaka minne na ana macho ya kukagua kila kitu.

Barua ya kwanza niliyopiga kwa mashine niliporudi kazini ilikuwa ya daktari mkuu ya kumkaripia Papa Donatien. Siku ile ile ya ajali, kabla hajaulizwa na mtu, aliingia kwa daktari mkuu na koti lake limelowa, akasema: "Mimi njo nilitia mu chupa ya bia. Grégoire hana kosa." Angeweza kunyamaza. Karani mzima amejimwagia dawa mwenyewe, nani angemtafuta mwingine? Kwa neno hilo alicheleweshewa cheo miaka miwili. Nilipiga barua ile herufi moja moja, nikiona aibu kwamba ninaiona vizuri.

Siku iliyofuata ajali, chupa zote za bia zilitoka chumba cha formoli. Chupa zenye meno zilipakwa rangi nyekundu shingoni, ili hata asiyesoma Kifaransa wala Kiflama azijue kwa mbali. Tangi halikushuka tena chini ya nusu, hata Agosti. Na kando ya robine Papa Donatien alipiga msumari, akaniomba rozari yangu, akaitundika. Kila Jumatatu asubuhi, kwa mazoezi, mmoja wetu aliinamishwa pale, macho yakashikwa wazi, na rozari ikasaliwa yote huku maji yakitiririka. Tulinung'unika sana, mimi wa kwanza. Mchungaji wake alipopata habari alimwita kumuuliza kama amehama kanisa. Papa Donatien alimjibu kwamba hajahama, ila hajaona saa nyingine isiyoharibika kwa maji.

Tangu Julai ile, wenzetu watatu wamerukiwa na formoli usoni. Wote watatu watakuwa kwenye sherehe, na wote watajisomea kijitabu hiki wenyewe.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu ya Raphaël, ambaye atapokea ufunguo wa chumba cha formoli. Raphaël naye ni Mprotestanti. Aliinama, maji yakafunguliwa, nasi tukasubiri, na ikawa wazi kwamba kijana hajui hata mwanzo wake. Nilitaka kumsaidia. Kabla sijafungua mdomo, Papa Donatien alianza mwenyewe, vidole vyake juu ya kope za Raphaël, na akasali rozari nzima kwa sauti yake ya kikwaruzo, makumi yote matano, bila kuruka hata moja. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameisikia kila Jumatatu kwa miaka minne na nusu. Maman Agathe alifuta macho yake kwa koti la daktari, na siku hiyo hakuna chupa iliyokuwa wazi.

Papa Donatien, asante. Wewe na mkeo Maman Euphrasie mrudi Mwenga salama, migomba iwazalie, na wajukuu wawachokoze mpaka mchoke. Jumatano utakapopanda lori, usinitafute karibu na wenye hotuba. Nitakuwa kando ya barabara pamoja na Emérence na Adélaïde, nikikutazama mpaka mwisho wa kona, macho wazi.

Grégoire Mushagalusa, karani