Maneno ya Kumzika Nyuzi Nne

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa duka la kinyozi: benchi moja la mbao na birika la muuza kahawa. Juzi mwenzetu alifariki, anazikwa kesho, na familia imetuomba sisi tuliokaa naye miaka kumi na tisa tuandike maneno ya kusomwa kaburini kuhusu kazi yake ya muziki. Alipiga besi, lile gitaa la nyuzi nne lenye mlio mzito, kwenye bendi ya panki, ule muziki wa fujo wa vijana waliosimamisha nywele wima. Ndiyo maana tulimwita Nyuzi Nne. Karatasi nimeishika mimi, karani mstaafu, na hadi kikombe cha pili nilikuwa nimeandika jina lake tu. Roho inaniuma, sikufichi.

KINYOZI: Andika aliacha muziki kwa sababu ya vidole. Nyuzi za besi nene, zilimmaliza.

FUNDI SAA: Wapi. Vidole vyake vilikuwa vizima, si alikuwa ananishikia skrubu? Yule alifukuzwa kwenye bendi. Alikataa kusimamisha nywele.

KINYOZI: Alikwambia nani?

FUNDI SAA: Nilimuuliza, akanyamaza. Mtu hanyamazi hivyo bure.

MUUZA KAHAWA: Mimi nasikia siku moja alipiga mpaka ukuta wa ukumbi ukapasuka, toka juu hadi chini. Bendi ikapigwa marufuku. Hata saa za mtaa mzima zilisimama.

FUNDI SAA: Saa haisimami kwa besi. Usiniharibie kazi.

MIMI: Jamani, mtu yuko mochwari, nyie mnaniletea ukuta. Niandike nini?

KINYOZI: Andika alikuwa bingwa.

Tukakubaliana sote, nikaandika hivyo.

Ndipo akaja binti yake, macho yamemvimba. Tukampisha akaketi.

BINTI: Shikamooni, baba zangu.

MIMI: Marahaba, mwanangu. Pole sana.

BINTI: Nimekuta kanda ya bendi yao sandukuni mwake, nikairekodi kwenye simu. Nyumbani hakuwahi kutupigia gitaa hata siku moja. Hebu sikilizeni.

Akaiweka simu katikati ya vikombe. Ngoma, magitaa, mtu anapayuka. Kinyozi akafumba macho, akawa anatikisa kichwa kama anayeujua wimbo.

BINTI: Baba ni yupi hapo?

FUNDI SAA: Si huyo anayepayuka?

BINTI: Huyo ni mwimbaji. Baba alipiga besi.

Wimbo ukaisha, akaurudisha mwanzo.

BINTI: Nyie ndio mlikuwa naye kila siku. Nionyesheni tu mlio wa besi yake, nimsikie mara moja kabla hatujamzika.

Kinyozi akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akanitazama mimi. Miaka kumi na tisa tulimsifia, tukamtungia visa, tukamtania, wala hakuna aliyewahi kumwambia alete gitaa lake tumsikie. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona ukubwani.

MIMI: Hatujui, mwanangu. Uanzishe tena.

Akauanzisha tena, nasi tukainama wote juu ya ile simu.