Migongo Yetu na Namba Mbili

Mgeni rasmi, Daktari Ingrid Halvorsen, mkuu wa upimaji wa hali za wagonjwa, wauguzi wetu, nanyi ndugu mliokaa, pamoja na mliosimama kwa kuwa kukaa kunawauma:

Karibu. Sisi wanachama kumi na tisa wa darasa la mazoezi la Jumanne, wote tuliopasuliwa mgongo wa chini, tunakupokea huku kaskazini mwa Minnesota kwa kahawa na mikate ya mdalasini. Theluji ya jana utuwie radhi, hatukuiagiza.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tuliiacha migongo kwenye machimbo ya chuma. Wengine walikuwa wauguzi wa kuinua wagonjwa, na mmoja mpishi wa shule. Miaka sita iliyopita Dolores Kangas, mtaalamu wa tiba ya viungo, alituanzishia darasa hili ndani ya bwawa la maji moto.

MAFANIKIO

Verna Niskala anafunga viatu vyake mwenyewe. Reino Saarela amerudi benchi la juu la sauna, chumba chetu cha kuoga mvuke, kule kwenye joto kali wanakokaa watu wazima, benchi ambalo, Mgeni rasmi, fomu yenu ya kupima nafuu haijawahi kuliulizia. Inauliza habari za kupanda ngazi. Kwetu, mtu anayekaa benchi la chini na watoto wa shemeji yake hajapona, hata apande ngazi mia.

KOSA LETU

Umetuandikia kwamba darasa litafungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa fomu zinaonyesha tumepona: maumivu, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, ni mbili tu.

Mgeni rasmi, tulidanganya. Hapa kwetu kulalamika ni aibu. Mtu akivunjika mguu atakwambia, "Siyo mbaya sana." Tena tulimpenda daktari aliyetupasua, tukaona kuandika saba ni kumtukana. Siku ya fomu, Verna alimchungulia mumewe:

"We Eino, mbona umeandika mbili? Soksi asubuhi nimekuvalisha mimi!"

"Kuna watu wana hali mbaya kuliko mimi, mke wangu."

"Nani?"

"Si Reino yule."

Naye Reino, meza ya pili, alikuwa anaandika mbili kwa kumhurumia Eino.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumeumbuliwa na fomu.

OMBI

Tunaomba tupimwe upya, mke, mume au jirani akiwa kando. Fomu iulize habari za soksi, za sauna, na za kukaa kanisani ibada nzima. Darasa lisifungwe kabla majibu hayo hayajasomwa. Ukilifunga tutakushukuru na kukusindikiza mpaka kwenye gari tukitabasamu. Usituamini. Tunaogopa, na leo ndiyo mara ya kwanza tunalisema neno hilo mbele ya mtu.

Jumanne iliyopita tulizijaza fomu tena, nazo tumeziambatisha. Eino alikaa na yake robo saa nzima. Ameandika nane. Chini yake, bila kuulizwa na mtu, akaongeza: "Nikitoka majini Jumanne inashuka hadi nne, na usiku huo nalala. Naomba mniachie usiku huo mmoja."

Mungu akurudishe kwako salama, na mgongo wako ukuchukue mpaka uzeeni.

Ni sisi,
Migongo ya Jumanne

Imesomwa na Doreen Tuominen, katibu