Tone la Saba na Wazee Watatu

Benchi la Zenebech, muuza kahawa, liko Piassa, nyuma ya jumba la sinema, limeegemea ukuta uliobandikwa matangazo ya filamu. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, na akili za wanaolikalia, ukiwauliza wenyewe, ni ndefu kuliko za Addis Ababa nzima. Jumapili hiyo wazee watatu walikuwa wamekuja na makoti na shuka nyeupe mabegani, maana saa tisa walikuwa na safari ya heshima: kwenda kumposea Yilkal mchumba. Kijana hajiposei mwenyewe, anatuma wazee. Na Yilkal, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, hana ndugu hata mmoja mjini. Wote wako mbali, mkoani Gojam. Basi akawatuma hao aliokuwa nao, Mungu amsamehe.

Na asingehangaika hivyo kama si ile filamu, Tone la Saba. Humo daktari mmoja anajaribu dawa ya kuongeza akili, tone moja kila juma, mpaka mpagazi wa sokoni anawapita mawaziri kwa kufikiri. Yilkal alipewa dakika tatu za kuigiza mgonjwa anayenyweshwa maji matupu, ili wanaopewa dawa wapate wa kulinganishwa naye. Anaulizwa mbili na mbili ni ngapi. Anainamisha shingo, anafikiri mpaka mate yanamtoka, kisha anajibu: "Kondoo." Jumba zima lilivunjika mbavu, na tangu hapo hata makondakta wanamwita Kondoo. Juma lililopita baba wa binti naye aliiona filamu hiyo.

— Wazee wangu, tafadhali, tuyapitie tena yale majina, alisema Yilkal. Alikuwa amewaandikia kila kitu kwenye karatasi: babu zake wa vizazi saba, kazi yake, kanisa lake, jina la binti na la baba wa binti.

— Tulia, mwanangu, alisema Profesa, aliyelipata jina hilo kwa kulinda mlango wa maktaba ya chuo miaka thelathini. Mimi nimepitiwa na vitabu vingi kuliko ulivyowahi kuchapa.

Akaikunja karatasi mara nne, akainama, akaisukuma chini ya ule mguu mfupi. Benchi likaacha kuyumba.

— Sasa tunaweza kufikiri.

— Angalau karatasi imepata kazi, alisema Zenebech, akimimina kahawa ya kwanza kutoka kwenye birika la udongo.

— Hoja ni moja tu, alisema Mahakama, ambaye alikuwa tarishi mahakamani na bado hutembea kama amebeba faili. Mkwe atauliza: huyu kijana ni mjinga kweli? Mimi nitakana. Siye yeye.

— Jina langu limeandikwa mwishoni mwa filamu, mzee.

— Basi ni pacha wako. Na amekwisha kufa.

— Unaniulia ndugu nisiye naye?

— Kwa muda tu, bwana. Mpaka harusi ipite.

— Acheni uongo, alisema Daktari, ambaye maisha yake yote aliuza dawa za kupe. Tuseme kweli: hayakuwa maji, ilikuwa dawa. Ila dawa ya kichwa huchelewa. Mimi ng'ombe nimempa dawa ya minyoo Krismasi, akapona Pasaka. Akili ya kijana inakuja. Iko njiani.

— Njiani kutokea wapi? aliuliza Zenebech.

— Wewe mimina kahawa, mama.

Kahawa ya pili ilipoanza kumiminwa, mzee mmoja mwenye kofia ya kijivu alisogea, akasalimia, akaketi pembeni kabisa mwa benchi. Zenebech akampa kikombe chake na bisi kidogo za kutafuna. Hakuna aliyemjali. Profesa alikuwa amekwisha kunyanyua kidole.

— Ninyi mmekwama kwenye tone. Ile filamu ndiyo jaribio lenyewe! Aliyenyweshwa si mwigizaji, ni mtazamaji. Hamkusikia kale kaubaridi ukumbini? Ndiyo dawa, inaingia kwa ngozi. Walionyamaza imewashika. Waliocheka imewakataa.

— Mungu wangu, alisema Daktari. Mimi nilicheka.

— Tulijua hata kabla ya filamu, alisema Profesa. Kwa hiyo nitamuuliza mkwe: ulicheka? Akisema ndiyo, mjinga ni nani?

— Utamwambia baba wa binti kwamba yeye ndiye mjinga? alisema Yilkal.

— Kwa adabu, kijana. Nikiwa bado nimesimama, kabla hawajatukaribisha kukaa.

— Mimi hata yule mpagazi simwonei wivu, alisema Mahakama. Akili zote zile, mwisho akamwacha mkewe, eti anajua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Mbona mimi wangu najua atakachosema, na sijaonja tone?

— Na bado unachelewa kurudi nyumbani, alisema Zenebech.

Wakacheka wote, isipokuwa Yilkal. Usiku kucha hakupata usingizi, na sasa roho ilikuwa mkononi. Alikuwa akimfikiria binti. Siku walipoitazama filamu pamoja, watu wote walicheka, yeye hakucheka. Nje alimuuliza jambo moja tu: shingo haikukuuma, kuinama vile muda wote? Pale pale Yilkal alijua kwamba hataoa mwingine. Na leo mwanamke huyo alikuwa mikononi mwa hawa.

Mgeni alifuta midomo.

— Mnakwenda kuposa?

— Saa tisa, alisema Profesa. Sikiliza tu, utajifunza mengi.

— Hongereni. Binti mwenyewe anaitwa nani?

Zenebech aliacha kupepea mkaa.

— Jina, alisema Mahakama, liko kwenye faili.

— Ni binti wa yule, alisema Daktari. Yule mwenye lango la kijani. Au la buluu.

Profesa alikuwa ameinama kuelekea mguu wa benchi.

— Nafunga kamba za viatu, alisema.

— Viatu vyako havina kamba, mzee, alisema mgeni.

Yilkal akafungua mdomo. Mgeni akainua kiganja.

— Wewe nyamaza. Umetuma wazee, na wazee ndio wanaosema. Haya, wazee?

Wazee waliangalia vikombe vyao.

— Mimi ni kaka wa baba wa binti, alisema mgeni. Ndugu yangu wiki nzima hali chakula, anasema atamwozaje mtoto kwa Kondoo. Nikamwambia, ngoja nikamwone mwenyewe kwa macho yangu, wanasema hashibi kahawa ya Zenebech. Akamgeukia Yilkal. Sasa sema wewe jina lake.

— Tsigereda, alisema Yilkal.

— Mbili na mbili?

— Nne.

— Imetosha.

Mzee akasimama, akaiweka kofia yake vizuri.

— Saa tisa tunawasubiri wazee wako, kijana. Akawatazama wale watatu, mmoja mmoja, bila haraka. Wengine, akaongeza.

Akaenda zake. Profesa alikohoa.

— Mmemwona yule? Dawa imemkataa kabisa.

Yilkal alisimama. Apate wapi wazee wengine kabla ya saa tisa?

— Mume wangu yuko nyumbani na kaka zake wawili, alisema Zenebech, akifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. Filamu hawajaona hata moja, na hawana akili nyingi. Ila wanajua kusoma.

Yilkal akapiga magoti vumbini, akaichomoa karatasi. Benchi likayumba, na Daktari akajimwagia bisi.

— Na kahawa ya tatu, ile ya baraka? aliuliza Profesa.

Zenebech alikuwa amekwisha kuliinamisha birika na kuimwaga juu ya mkaa.

— Imekwisha.